Kumbukumbu ya Sheikhan Yatafutwa Kisauni

Sheikhan, mtoto wa dada yangu Kulthum, alizaliwa na mikono isiyokuwa ya umri wake. Mkunga alidhani amepata pacha, mmoja kamshika mwenziwe. Kabla hajajua kusimama alimdaka kunguru aliyeshuka uani kuiba dagaa, akamtazama, akamwachia, na mpaka leo kunguru wa Timbwani wakifika juu ya paa lile hunyamaza. Asiyeamini na aende akawaulize.

Mikono kama hiyo haikuwa na pa kwenda ila golini. Sheikhan akawa kipa wa Kaza Moyo, timu yetu ya Timbwani, na katika miaka ya themanini kumpita yeye na mpira ilikuwa kama kupitisha kitanda dirishani. Nilimwona kwa macho yangu akidaka shuti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akiushikilia mwamba wa goli uliokuwa ukianguka. Watu walikuja hata kutoka Kisauni, wakaukata mji mzima na kuvuka feri. Hawakuja kutazama mabao. Walikuja kutazama yanavyokataliwa.

Kisha ikaja siku ya Moto Moto.

Moto Moto ilikuwa timu ya Changamwe, vijana wa viwandani wenye vifua kama mifuko ya saruji. Ilikuwa fainali. Mchezo ulikuwa ukielekea kwisha, hakuna aliyefunga, mara mchezaji wao mmoja akapiga shuti ambalo hata yeye mwenyewe alilionea haya. Mpira ulitambaa. Ulitambaa pole pole hata kuku mmoja aliyekuwa akikatiza uwanja akaupita, akageuka kuutazama, akaenda zake. Sheikhan alikuwa amesimama pale pale, magoti kayakunja kidogo, mikono mbele, macho yaona. Mpira ukapita kando ya mguu wake, ukaingia.

Hakujitupa. Hakuinama. Hakuinua hata unyayo.

Baadaye alisema, "Goti liliganda." Basi, hayo tu. Lakini goti lile lile lililoganda ndilo lililomtoa uwanjani. Watu walimwona akitembea kwa miguu yake, wakasema kipa wetu kala cha watu, kauza fainali. Aliyeumia kuliko wote ni Chengo, beki wake, rafiki yake wa kula sahani moja. Chengo hakusema mengi. Alitema mate mbele ya miguu ya Sheikhan, akasema, "Uliuona," akaenda.

Tangu hapo hawakusemezana. Chengo akawa mchuuzi wa maji, na huku kwetu Likoni, ambako mfereji hukohoa zaidi ya kutoa maji, mwenye mkokoteni wa mitungi ni mtu wa kila nyumba. Aliingiza maji kwa watu wote mpaka ndani, akayamimina mwenyewe pipani. Kwa Sheikhan peke yake aliishia pembeni mwa kichochoro. Huweka mitungi chini, hupiga mluzi, huondoka. Mwanaima, mke wa Sheikhan, aliitoa huko mmoja mmoja, kiuno kimepinda, miaka nenda miaka rudi. Mumewe hakuweza kumsaidia, maana lile goti ambalo watu walisema ni la uongo lilizidi kuwa la kweli kila mwaka. Walipomwona anachechemea, wale wale wakasema: ndiyo malipo yake hayo.

Mnaona basi. Goti likiwa zima, ni mwongo. Likiwa bovu, ana laana. Mtu huyo ajitetee kwa lipi? Akanyamaza, na uwanjani hakukanyaga tena, hata njia ya kupitia kando yake aliikwepa.

Sasa nije kwenye ile kompyuta.

Sheikhan alikuwa tarishi katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Ilipofika miaka ya tisini ofisi ikanunua mashine mpya, na ile kuukuu, ya bei ya chini tangu ilipokuwa mpya, nzito kama jiwe la kusagia, akaambiwa aiondoe. Aliiondoa mpaka nyumbani. Kile kioo kilikwenda kwa mkokoteni wa mtu, lakini sanduku lenyewe alilivusha feri kalipakata mwenyewe, limefungwa kwa leso mbili za Mwanaima, na mwanamke aliyekuwa kando yake akamwuliza ni wa kiume au wa kike.

Ndani yake mlikuwa na mchezo wa mpira. Wachezaji walikuwa kama punje za ufuta zilizomwagika juu ya mkeka wa kijani. Kila akirudi kazini alikaa mbele yake, goti kalinyoosha juu ya kigoda, akacheza. Alifunga mabao mengi, wala sikumwona akifurahia hata moja. Siku moja nikamwuliza, maana nyumba zetu zashirikiana ukuta na mimi huingia nikiwa nusu ya hodi.

"Mwanangu, mbona wafunga mabao na uso nao umeufunga?"

"Hawa wa mbele nawaendesha mimi, khalati," akasema. "Kipa siwezi kumshika. Huenda mwenyewe. Mashine ndiyo yamwendesha."

"Na wewe wamtaka kipa."

Aliweka kidole juu ya kioo, pale nyuma, kwenye punje moja ya ufuta iliyobaki peke yake.

Karibu na feri kulikuwa na kibanda cha Ngala, fundi wa redio na televisheni. Kompyuta alikuwa amezianza karibuni, na kila alichoulizwa alijibu kwa neno moja: "Tujaribu." Siku moja Sheikhan akakuta kibandani kompyuta mpya ya mteja, na humo mchezo mwingine wa mpira. Huu haukuwa wa ufuta. Wachezaji walikuwa na shingo, walikuwa na vivuli, watazamaji walisikika wakipiga kelele. Na ukitaka, asema Ngala, waweza kuwa kipa. Wabonyeza hapa, aruka huku. Wabonyeza pale, aruka kule.

Ngala alimwachia ajaribu. Ukaja mpira mmoja, wa juu, wa kona. Sheikhan akabonyeza. Kipa akaruka, akaudaka.

Mmoja tu. Kisha mwenye mashine akaja, akaichukua.

Mwanaima aliniambia kwamba jioni ile mumewe alikula wali bila kuuona, na baada ya kunawa akabaki ameikalisha mikono yake mapajani, viganja juu, kama mtu aliyewekewa kitu hapo asije akakimwaga. Alipolala alikuwa vivyo hivyo.

Toka siku hiyo Sheikhan alikuwa na haja moja tu ulimwenguni, nayo ni kusimama golini mara nyingine na mpira uje, auzuie. Ngala alikuwa na diski za mchezo ule. Lililobaki ni ile mashine kuukuu kuuweza. Wakaibeba mpaka kibandani, Ngala akaifungua kifuniko, akaitazama ndani kama daktari atazamaye koo la mtoto.

"Itaweza?" Sheikhan akauliza.

"Tujaribu."

Akaiweka diski. Mchezo ukaanza kuja, kioo kikaonyesha nusu ya uwanja na mchezaji mmoja asiye na kichwa, kisha kila kitu kikasimama. Ngala akamwambia Sheikhan, nenda kazini, niachie, nitajua la kufanya.

Akajua. Memori ya mashine ilikuwa ndogo, na mtu mmoja Kisauni alikuwa na kompyuta iliyokufa ambayo memori yake yaweza kutolewa. Ngala akafunga kibanda aende. Njiani, penye kushuka feri, akampitia Kafedha, yule mama auzaye viazi vya karai. Kafedha hupita kwa Mwanaima kila siku, kwa hivyo Ngala akamwachia salamu.

"Mwambie Mwanaima ya Sheikhan nimeitazama. Memori imekwisha. Naenda Kisauni kuitafuta nyingine."

"Memori ndiyo nini?" Kafedha akauliza.

Ngala angesema kidude. Angesema kipuri. Lakini alikuwa na haraka, feri imeshafungua mdomo, na Kafedha ni mtu wa Kiswahili safi, akaona aibu kumjibu ovyo. Akasema, "Kumbukumbu."

"Na hiyo kumbukumbu ikiisha, huwa nini?"

"Huganda. Huwa iko, lakini husemi nayo kitu."

Kafedha akashika mdomo. Viazi vyake vya siku ile aliwaachia paka.

Alimkuta Mwanaima na dada yangu Kulthum uani, wanachambua mchele, nami nipo nawasaidia kuzungumza. Akakaa bila kukaribishwa. Akasema kwa sauti ya msibani, "Ngala amemtazama Sheikhan. Asema kumbukumbu ya Sheikhan imekwisha. Yeye sasa kaenda Kisauni kuitafuta."

Mikono ikasimama. Mchele ukakaa.

"Kisauni kwa nani?" Kulthum akauliza.

"Kwa mtu. Asema iko kwa mtu huko."

"Kumbe ilichukuliwa," Kulthum akasema, na ungo ukamtoka mkononi.

Msitucheke. Mngekuwepo mngejua tulikuwa tumeshaona dalili. Juma lile lile Sheikhan alitumwa sukari akarudi na sabuni. Aliitwa na mamake mara kadhaa asiitike, yeye ambaye hata akiwa usingizini mama akimwita huitika labeka. Ijumaa alivaa kanzu kinyume, na kibarazani walimwona, na watu wa kibarazani wakiona kitu kimeshaonekana. Alikuwa akiwaza mlango wa goli, lakini nani ajuaye mtu yuwawaza nini? Sisi tuliona mtu yuko, na husemi naye kitu, kama alivyosema Ngala.

Sheikhan aliporudi kazini alikuta nyumba imefagiliwa, udi unafuka, na mamake kakaa mkekani na sahani nyeupe. Alikuwa ameshakwenda kwa mwalimu wa chuo, yule yule aliyemfundisha Sheikhan alifu na be, akaandikiwa kombe la kumbukumbu: aya zimeandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikasafishwa kwa maji ya waridi. Ndilo wanywalo watoto wa chuo ambao somo haliwakai.

"Kaa, babangu," Kulthum akasema. "Mimi ni mamako. Jina langu ni Kulthum."

"Najua, mama."

"Mashallah. Na huyu?"

"Huyu ni Mwanaima."

"Ni nani wako?"

"Mama, ni mke wangu. Mna nini leo?"

Kulthum akamgeukia Mwanaima, machozi yamlengalenga. "Yuwajua watu. Mambo ndiyo yamempotea."

Akaambiwa habari yote aliyoileta Kafedha. Sheikhan akacheka. Na kicheko nacho kilimdhuru, maana mwenye akili zake hawezi kucheka habari kama hiyo.

"Si mimi," akasema. "Ni kompyuta. Kompyuta ndiyo haina kumbukumbu."

Tukatazamana.

"Naam, babangu," Kulthum akasema taratibu, "ni kompyuta. Kunywa."

Angefanyaje? Mama kakaa chini, mkono umeinuka na sahani. Akanywa. Akanywa siku ya pili na ya tatu, na kila alipojitetea kuwa ni mashine, kombe likaongezwa rangi.

Habari ikatoka nje, kama habari itokavyo. Ilivuka mtaa, ikafika sokoni, ikafika feri, nasikia nahodha wa feri aliisikia akiwa katikati ya maji akakata injini kuihuzunikia. Watu wakaanza kuja kumkumbusha. Walikuja kwa nia njema wengine, na wengine kwa nia zao. Mmoja akamkumbusha kwamba aliwahi kumwahidi jogoo. Bibi mmoja akamkumbusha kuwa binti mkubwa wa Sheikhan ni mchumba wa mjukuu wake yeye bibi, jambo ambalo hata huyo mjukuu hakuwa akilijua. Sheikhan akikataa, wao humpigapiga begani. "Hutakumbuka, bwana. Ndiyo ugonjwa wenyewe." Mtu asiyekuwa na kumbukumbu hana ushahidi.

Ile kompyuta yenyewe ilikuwa bado iko kibandani, na Ngala yuko Kisauni, maana huko alipata kazi nyingine akakawia. Hapakuwa na wa kumtetea Sheikhan.

Kisha mzee mmoja, shabiki wa Kaza Moyo toka enzi hizo, akafika, akanywa chai, na pasipo kufikiri akauliza, "Na ile siku ya Moto Moto, waikumbuka?"

Kwa miaka yote ile hakuna aliyekuwa amemtajia usoni.

"Naikumbuka," Sheikhan akasema.

"Ule mpira?"

"Naukumbuka ulivyokuja. Ulikuwa na kiraka upande mmoja, kila ukizunguka kiraka chaja juu. Nilikihesabu kije mara ngapi kabla haujanifikia." Akaangalia goti lake. "Sikuweza kwenda."

Mzee yule akaweka kikombe chini, akaaga. Na kuanzia hapo kila aliyekuja alitaka kusikia hilo tu. Waliosahau wakaambiwa, watoto wasiokuwa wamezaliwa wakaambiwa, na kila mahali maneno yakarudi upya: kala cha watu, hakula, aliuona, aliganda. Yeye alitaka mchezo ule ili aiweke siku ile nyuma yake, na sasa tulimrudishia siku ile mpaka mlangoni, kila asubuhi, kwa mapenzi. Mwanaima aliniambia, "Mama mdogo, waambie waache." Nami niliwaambia waache, na nilipokuwa nikiwaambia waache niliwaeleza pia kwa nini, basi wakaja wengi zaidi.

Pembeni mwa kichochoro Chengo aliendelea kuweka mitungi, kupiga mluzi, na kuondoka. Lakini mluzi wake ulikuwa umepungua urefu.

Ngala aliporudi hatimaye, alikuja na kitambaa mfukoni. Akakifungua mbele ya Kulthum. Ndani mlikuwa na vibao vyembamba vya kijani, vina meno madogo upande mmoja, mfano wa vitana.

"Hii ndiyo kumbukumbu ya Sheikhan," akasema. "Mwenyewe kaitoa, lakini ataka redio badala yake."

Kulthum akavishika, akavinusa. "Na hii yaingizwa wapi?"

"Ndani ya kompyuta, mama."

"Si ndani ya mwanangu?"

"Ya mwanao? Ya mwanao ina nini?"

Hapo ndipo ilipofahamika. Kafedha alisema yeye aliyasema kama alivyoambiwa, na kweli ndivyo. Kulthum hakukasirika. Aliifunga chupa ya kombe lililobaki, akasema halikupotea, mtu mzima kuwa na kumbukumbu ya ziada si hasara. Lakini mtaani hakuna aliyekubali kufahamu. Watu wakishakuhurumia hawapendi kunyang'anywa huruma yao.

Redio ya pale nyumbani ilikuwa moja, ya Mwanaima. Ndiyo iliyomwimbia taarabu miaka yote aliyokuwa akibeba yale maji. Sheikhan hakuthubutu kumwomba, alisimama tu karibu nayo. Mwanaima akaifuta vumbi, akaipungia kitambaa cheupe cha kuiaga, akampa Ngala.

"Chukua," akasema. "Ila mtu asinikumbushe."

Vitana vikaingizwa. Ngala akaiwasha mashine, akasikiliza, akakuna kichwa.

"Kumbukumbu sasa yaonyesha ipo," akamwambia Sheikhan kwa sauti ya chini. "Ila ubongo wake ni wa zamani. Ubongo huu siwezi kuubadilisha, hauna mwenziwe."

"Usimwambie mama," akasema Mwanaima.

"Lakini utacheza?" akauliza Sheikhan.

"Tujaribu."

Ikawa Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Mashine imewekwa sebuleni, na aliyeweza kuingia aliingia, asiyeweza alijaza dirisha. Kulthum alikaa mbele na chupa yake ya kombe. Alipoambiwa kuwa mashine ndiyo iliyokuwa mgonjwa tangu mwanzo, akaizibua chupa akasema, "Basi nayo inywe," ikabidi Mwanaima amshike mkono.

Mchezo ukaja. Safari hii wachezaji walikuwa na vichwa. Kelele za watazamaji zilitoka kama vitumbua vinavyokaangwa, na Sheikhan, aliposikia kelele zile, akaliteremsha goti lake kutoka kigodani. Alikaa wima. Vidole vyake vipana vilifunika nusu ya vibonyezo. Sikuwahi kumwona mtu mzima ametulia vile na anaogopa vile.

Mitungi iligonga nje. Chengo alikuwa amefika na mkokoteni. Akaona umati, akasogea, na umati, badala ya kumziba, ukamwachia njia. Sijui ni nani aliyeanza kupisha. Akajikuta amesimama ndani ya nyumba ile, nyuma ya kiti cha Sheikhan, maji yamdondoka mikononi.

Sheikhan hakugeuka. Lakini shingo ilijua.

Wapinzani wakautwaa mpira, wakaja nao. Kadiri wachezaji walivyoongezeka mbele ya goli, ndivyo picha ilivyozidi kuwa nzito. Mashine ikaanza kuunguruma. Wachezaji wakapiga hatua, wakapumzika, wakapiga hatua. Mmoja akapiga shuti. Mpira ukatoka mguuni pake, ukasimama hewani. Ukasogea kidogo. Ukasimama. Ulishuka chini, ukaanza kutambaa, kipande kwa kipande, na kila mtu sebuleni aliona waelekea wapi, hata Kulthum asiyejua goli liko upande gani.

"Rukia, babangu," akasema.

"Nabonyeza, mama."

Kipa alikuwa amesimama, magoti kayakunja kidogo, mikono mbele.

"Rukia huku."

"Nabonyeza."

Alibonyeza. Wote tulimwona. Alibonyeza mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe, akabonyeza vibonyezo vyote, akabonyeza kwa viganja vyote viwili, na mkono wake mmoja ukainuka wenyewe kuelekea kioo, kama uliokuwa ukitaka kuingia humo kuuchukua mpira. Kipa hakuinua hata unyayo. Mpira ukasogea, ukasimama, ukasogea, ukapita kando ya mguu wake. Ukaingia. Baada ya muda, kelele za watazamaji zikafuata, zimechelewa.

Ngala akakisogelea kioo.

"Imeganda," Ngala akasema.

Sheikhan akaondoa mikono yake pale, akairudisha mapajani.

"Ulibonyeza," Chengo akasema nyuma yake. Hakuwa akiuliza.

"Nilibonyeza."

"Nimekiona kidole."

"Hivyo hivyo," Sheikhan akasema, bado hajageuka. "Hivyo hivyo, Chengo. Nauona waja. Na mimi niko ndani nabonyeza."

Chengo alibaki akikitazama kioo, yule kipa bado amesimama pale na magoti yake. Kisha akageuka, akapita katikati ya watu bila kuaga, tukasikia magurudumu ya mkokoteni yakienda.

Ngala alijaribu na kujaribu. Alitoa vitana akavirudisha, akaipuliza, akaipiga kofi ubavuni. Mwishowe stima ikakatika mtaa mzima, yule kipa naye akaenda na giza lake la kioo, na hatukumwona tena, maana stima iliporudi mashine haikuamka. Ubongo ulikuwa wa zamani. Kulthum akalimimina kombe lililobaki kwenye msingi wa ukuta ambapo hapakanyagwi, akasema inatosha. Redio haikurudi. Watu wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyemkumbusha Sheikhan kitu.

Asubuhi yake niliamka mapema kuliko kawaida, si kwa kuchungulia, kwa kuota jua. Mluzi sikuusikia. Mitungi haikuwepo pembeni mwa kichochoro. Ilikuwa imepangwa mlangoni kwa Sheikhan, imegusana na kizingiti, bado yatoa jasho.

Sheikhan alifungua mlango. Akaitazama. Akainama kuushika mmoja, mkono wake ukauzunguka wote, akauinua kidogo, goti likakataa, akauweka chini. Akajaribu mwingine kana kwamba huo ulikuwa mwepesi. Akaketi kwenye kizingiti, mitungi mbele yake, mikono mapajani.

Mwanaima akatoka ndani, leso kaifunga tayari kwenda kichochoroni. Akasimama.

"Nani kayaleta mpaka hapa?"

Sheikhan akafikiri, au alijifanya kufikiri.

"Siwezi kukumbuka," akasema.